Hofu ya Nani? Upokezi Kinzani wa Hadithi Fupi za Kutisha za H. P. Lovecraft katika Mkusanyiko wa The Outsider and Others (1939)

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu za wasomaji kutofautiana vikali kuhusu mkusanyiko wa hadithi fupi za kutisha za mwandishi Mmarekani H. P. Lovecraft, uliochapishwa miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa kawaida lawama dhidi ya hadithi hizo hugawanywa katika mafungu mawili: lawama za mtindo, kwamba mwandishi amerundika vivumishi, na lawama za maadili, kwamba amewadhalilisha watu weusi na wahamiaji. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanadai kwamba mafungu hayo yana mzizi mmoja. Msimulizi wa Lovecraft mara nyingi haijengi hofu ndani ya hadithi. Anamtaka msomaji aje nayo. Asiyekuja nayo husikia makelele, na aliye sehemu ya kinachoogopwa husikia tusi.

Utangulizi

Howard Phillips Lovecraft alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, na akafariki mjini humo tarehe 15 Machi, 1937, akiwa fukara. Hakuwahi kuona mkusanyiko wa hadithi zake ukitolewa na mchapishaji wa kawaida wa vitabu. Kitabu cha hadithi yake kilichotoka angali hai, The Shadow over Innsmouth (1936), kilikuwa kazi ya mchapaji mdogo, na nakala zilizojalidiwa zilikuwa takriban 200 tu. Baada ya kifo chake, rafiki zake wawili, August Derleth na Donald Wandrei, waliwaendea wachapishaji wakubwa na mswada wa hadithi zake teule. Walipokataliwa, walianzisha kampuni yao wenyewe, Arkham House, katika mji mdogo wa Sauk City, Wisconsin, na mwaka 1939 wakatoa The Outsider and Others.

Kitabu hicho kilikuwa kinene, chenye hadithi 36 pamoja na tasnifu ya Lovecraft kuhusu historia ya fasihi ya kutisha. Zilichapwa nakala 1,268. Bei yake ilikuwa dola 5, na waliolipa kabla ya kuchapishwa walipunguziwa hadi dola 3.50, waliojitokeza kufanya hivyo walikuwa 150 hivi. Ilichukua takriban miaka minne nakala hizo kuisha. Miaka 66 baadaye, mwaka 2005, hadithi za mwandishi huyohuyo zilitolewa na Library of America, mfululizo unaohifadhi kazi zinazohesabiwa kuwa nguzo za fasihi ya Marekani.

Ingetarajiwa kwamba heshima hiyo ingemaliza ubishi. Haikuwa hivyo. Kadiri mwandishi alivyopanda hadhi ndivyo wasomaji walivyozidi kugawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaochunguzwa hapa. Swali la Lovecraft ni mwandishi mzuri au mbaya halitajibiwa, kwani limejibiwa mara nyingi mno na kila mara jibu limesema mengi kuhusu aliyejibu. Linaloulizwa ni hili: msomaji anayesema hadithi hizi hazimtishi, au zinamtukana, anasema jambo gani kuhusu matini yenyewe? Swali hilo lina uzito kwa uhakiki wa Kiswahili pia, kwa kuwa lawama ya msomaji anayejiona ametukanwa na kazi ya fasihi huwekwa upesi kwenye kapu la maadili, kana kwamba haihusiani na sanaa.

Upeo wa matarajio wa wasomaji wa mwanzo

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alieleza kwamba kila kazi ya fasihi humkuta msomaji akiwa tayari na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma. Thamani ya kazi hupimwa kwa kiasi inavyoukidhi upeo huo au kuuvuruga. Kwa hadithi za Lovecraft, upeo wa kwanza ulikuwa wa wasomaji wa Weird Tales, jarida la karatasi duni lililoanzishwa mwaka 1923 mjini Chicago na kuuzwa kwa senti 25. Jarida hilo lilikuwa na safu ya barua iliyoitwa The Eyrie, ambamo wasomaji walisifu, walikosoa na kutaja hadithi waliyoipenda zaidi katika kila toleo. Kwa hiyo Lovecraft alikuwa miongoni mwa waandishi wachache wa zama zake ambao wasomaji wao walisikika mwezi hata mwezi.

Katika safu hiyo alipendwa. Hata hivyo, aliyeamua kipi kiwafikie wasomaji alikuwa mhariri, Farnsworth Wright, na mwaka 1931 Wright aliikataa At the Mountains of Madness, hadithi ndefu ya msafara wa wanasayansi huko Antaktika. Kukataliwa huko kulimvunja moyo mwandishi kiasi kwamba uandishi wake ulipungua sana katika miaka iliyobaki ya uhai wake. Hadithi hiyo ilitoka hatimaye mwaka 1936 katika Astounding Stories, jarida la bunilizi za kisayansi, ikiwa imekatwakatwa na wahariri bila ya ridhaa yake. Hapo alikutana na wasomaji wa upeo mwingine. Walikuwa wamezoea vyombo vya angani, wavumbuzi na matendo ya haraka. Wakapewa kurasa nyingi za mwamba, barafu na michoro ya ukutani. Barua zao ziligongana: kwa baadhi ilikuwa kazi ya kipekee, kwa wengine ilikuwa uchovu mtupu.

Mwandishi hakubadilika kati ya majarida hayo mawili. Kilichobadilika ni matarajio. Hata hivyo, maelezo ya Jauss yanafika hapo na kukwama, kwa sababu hayasemi kwa nini wasomaji wenye upeo unaokaribiana, waliosoma kitabu kilekile, wanaweza kutoka nacho wakiwa maadui.

Pweza na vivumishi

Tarehe 24 Novemba, 1945, Edmund Wilson, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko karibu wote nchini Marekani wakati huo, aliandika katika The New Yorker hukumu ambayo bado inatajwa. Alisema kwa muhtasari kwamba kitisho pekee cha kweli katika hadithi nyingi za Lovecraft ni ladha mbaya na sanaa mbaya. Hoja yake ilielekezwa kwenye vivumishi. Mwandishi wa hadithi za kutisha, kwa maoni ya Wilson, hana ruhusa ya kusema kwamba kitu ni cha kutisha, ni kiovu, hakisemeki. Kazi yake ni kukifanya kiwe hivyo. Ubaya unazidi pale ambapo, baada ya maneno yote hayo, kinachojitokeza ni kitu mfano wa pweza asiyeonekana anayepiga mbinja.

Wilson hakuwa mhakiki wa kukata kila kitu. Aliisifu tasnifu ya Lovecraft kuhusu historia ya fasihi ya kutisha, na aliziachia hadithi mbili nafasi: The Colour Out of Space, ambayo aliona inakaribia kutabiri athari za bomu la atomiki, na The Shadow Out of Time. Jambo hilo litarejelewa.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka kwa Fritz Leiber, naye mwandishi wa fantasia, katika makala yake ya mwaka 1949. Leiber alimfananisha Lovecraft na Copernicus: kama mnajimu huyo alivyoiondoa dunia katikati ya ulimwengu, ndivyo Lovecraft alivyoihamisha hofu kutoka kwa mwanadamu na mizimu yake na kuipeleka kwenye nyota na utupu usiomjali mtu. Kwa msomaji wa namna hiyo, vivumishi vilivyomchosha Wilson vina kazi. Ni sauti ya msimulizi ambaye akili yake imefika ukingoni na lugha imemwishia.

Hapa dhana ya Wolfgang Iser inasaidia kuliko ya Jauss. Katika kazi yake ya mwaka 1972 kuhusu msomaji aliyedokezwa, Iser anaonesha kwamba kila matini humbuni msomaji wake: humwachia mapengo na kumpa maelekezo ya kuyajaza. Kivumishi kinachosema kwamba kitu “hakielezeki” ni pengo la aina hiyo. Kinamwambia msomaji: weka hapa kile unachokiogopa. Msomaji mwenye cha kuweka ataona pengo limejaa, na pengine limejaa kuliko maelezo yoyote ambayo yangeandikwa. Asiye nacho atabaki akitazama neno tupu. Wilson na Leiber hawakusoma maneno tofauti. Mmoja aliitika mwito wa matini na mwingine hakuitika.

Yafaa kutahadhari, kwa kuwa ni rahisi kulifanya suala hili kuwa la nasaba. Wilson alikuwa Mmarekani mweupe wa ukoo wa zamani kama Lovecraft mwenyewe, na katika tahakiki yake ya mwaka 1945 hakugusia kabisa suala la rangi. Alistahiki kuwa msomaji aliyedokezwa kwa kila kipimo cha kuzaliwa. Alichokosa ni hofu yenyewe. Msomaji anayetakiwa na hadithi hizi hatambuliwi kwa damu.

Pengo linapojazwa na watu

Lovecraft aliishi Brooklyn, New York, kati ya mwaka 1924 na 1926, akiwa hana kazi na ndoa yake ikielekea kuvunjika. Agosti 1925 aliandika The Horror at Red Hook, iliyochapwa mwaka 1927 na kuingizwa baadaye katika mkusanyiko wa mwaka 1939. Mpelelezi wa polisi, Malone, anafuatilia mambo ya siri katika mtaa wa bandarini unaokaliwa na wahamiaji. Katika hadithi hii vivumishi vilevile vya uchafu, uozo na uovu usiosemeka vimetumika, lakini si kwa kiumbe wa nyota za mbali. Vimetumika kwa watu wanaotembea barabarani, wanaozungumza lugha ambazo msimulizi hazifahamu. Ushahidi wa uovu wao, kwa kurasa nyingi, ni kwamba wapo na ni wengi.

Kwa mizani ya Wilson hilo ni kosa la ufundi: hofu imetangazwa, haikuoneshwa. Kwa mizani ya msomaji mhamiaji ni tusi. Lakini ni sentensi zilezile zinazozaa hukumu zote mbili, na kwa sababu moja: mwandishi amechukulia kwamba msomaji ameshaogopa kabla hajafungua kitabu. Hapa ndipo mgawanyo wa kawaida kati ya “mtindo wake una kasoro” na “maoni yake yana kasoro” unapopoteza maana. Mwandishi Mfaransa Michel Houellebecq, katika insha yake ya mwaka 1991, alikwenda mbali zaidi na kuona kwamba chuki ya Lovecraft dhidi ya umati wa New York ndiyo iliyoipa lugha yake mwako. Houellebecq alisema hayo akiwa mpenzi wa mwandishi huyo, na ndiyo sababu ushahidi wake una uzito.

Hadithi mbili nyingine katika mkusanyiko huo zinamgusa moja kwa moja msomaji wa Kiafrika, kwa kuwa zinaitaja Kongo. Katika Arthur Jermyn, iliyoandikwa mwaka 1920, bwana mmoja wa Kiingereza anachunguza nasaba yake. Babu yake wa kale, Sir Wade, alikuwa mpelelezi wa misitu ya Kongo na alirudi na mke ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Mzee wa kabila la kubuni, aitwaye Mwanu, anasimulia habari za mji wa nyani weupe na mungu wao wa kike. Maiti iliyokaushwa ya mungu huyo inapofika Uingereza ndani ya sanduku, Arthur anaifungua, anatambua kwamba ni bibi yake, anajimwagia mafuta na kujichoma moto.

Hadithi nzima inategemea mshtuko wa sekunde moja, na mshtuko huo unategemea msomaji ambaye kwake Kongo ni upande wa pili wa ubinadamu. Kwa msomaji wa Lubumbashi au Kigoma, Kongo ni nyumbani au ni ng’ambo ya ziwa, ni mahali pa shangazi na bidhaa za sokoni. Sanduku likifunguliwa mbele yake, anachokiona ndani ni mawazo ya mwandishi. Hadithi haikumkasirisha tu. Imeshindwa kufanya kazi iliyojipangia.

The Picture in the House, ya mwaka huohuo, ni tata zaidi, na kwa maoni yanayotetewa hapa ni bora zaidi. Msafiri anakimbilia mvua ndani ya nyumba kuukuu huko New England na kukuta kitabu cha Kilatini, Regnum Congo cha Pigafetta, chapa ya Frankfurt ya mwaka 1598. Kitabu hicho kipo kweli: Filippo Pigafetta alikiandika kutokana na masimulizi ya Mreno Duarte Lopes, kikatoka kwanza kwa Kiitaliano mjini Roma mwaka 1591, na chapa ya Frankfurt ikatiwa michoro na watu wa karakana ya De Bry. Katika hadithi, kitabu kinafunguka chenyewe kwenye mchoro wa bucha la nyama ya watu, kwa kuwa ndio ukurasa uliozoeleka kufunguliwa. Mzee mwenye nyumba anaeleza, kwa furaha inayoongezeka, jinsi mchoro huo unavyomfanya ahisi njaa. Kisha tone la damu linaanguka kutoka darini.

Mlaji watu, basi, ni Mmarekani mweupe wa mashambani. Kongo haikuingia katika nyumba ile isipokuwa kwa picha. Aidha, msimulizi mwenyewe anakiri kwamba michoro ile ilitokana na kubuni na maelezo ya ovyo, na kwamba Waafrika wake wamechorwa kwa ngozi nyeupe na sura za Kizungu. Sijambo la kawaida kwa Lovecraft: matini inatambua kwamba hofu yake imetengenezwa karakanani. Mwandishi aliyeamini kwamba unyama unakaa Kongo aliandika hadithi ambayo inathibitisha kwamba unakaa darini mwa jirani yake, na haielekei kwamba aliona alichokifanya.

Sanamu iliyogeuzwa ukutani

Mgogoro ulihama kutoka kurasani hadi mezani mwa washindi wa tuzo. Tangu mwaka 1975, washindi wa World Fantasy Award walipewa sanamu ya kichwa cha Lovecraft iliyobuniwa na mchoraji Gahan Wilson. Mwaka 2011 tuzo ya riwaya ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa riwaya yake Who Fears Death. Baada ya ushindi alilifahamu shairi la ubaguzi la Lovecraft la mwaka 1912 kuhusu watu weusi, na akaandika hadharani kuhusu hali ya kuwa na kichwa cha mtu huyo nyumbani mwake kama alama ya heshima yake kubwa. Hakutaka mwandishi afutwe katika historia. Alitaka jambo hilo litazamwe usoni. Katika maandishi hayo alimnukuu mwandishi Mwingereza China Miéville, mshindi wa mwaka uliotangulia, ambaye alikuwa ameigeuza sanamu yake ielekee ukutani.

Miéville ni mfano muhimu kwa sababu aliandika pia utangulizi wa toleo la mwaka 2005 la At the Mountains of Madness. Anaisoma kazi kwa makini, anaieneza, na hakubali kutazamwa na mwenye kuiandika. Wanaodai kwamba wapinzani wa Lovecraft hawakumsoma hawana jibu kwa msomaji wa aina hii.

Mwaka 2014 yalikusanywa maombi ya kutaka sanamu ibadilishwe, na mwaka 2015 waandaaji wakaiondoa. Aliyepinga kwa nguvu zaidi alikuwa S. T. Joshi, mzaliwa wa India na mtaalamu anayeongoza duniani katika uhakiki wa Lovecraft, ambaye alirudisha tuzo zake mbili. Joshi hakanushi ubaguzi wa mwandishi. Anaona kwamba hauhusiki na sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa mara nyingine nasaba haielezi hukumu. Mzaliwa wa Pune amemtetea Lovecraft kuliko Wamarekani wengi weupe, kwa kuwa anachokisikia katika vivumishi vile ni ukubwa wa ulimwengu, kama alivyousikia Leiber.

Maoni yaliyogawanyika ndani ya msomaji mmoja ndiyo yenye manufaa zaidi, na hapo anaingia Victor LaValle. Ni Mmarekani mweusi aliyelelewa Queens, New York, na mama aliyehamia kutoka Uganda. Alimpenda Lovecraft akiwa mtoto na akauona ubaguzi wake baadaye. Riwaya yake fupi, The Ballad of Black Tom (2016), imetunukiwa Lovecraft mwenyewe kwa maneno yanayokiri kwamba hisia za mtunukiaji zinapingana. LaValle anaisimulia upya Red Hook. Nusu ya kwanza anampa Tommy Tester, kijana mweusi wa Harlem ambaye baba yake anauawa na mpelelezi wa kibinafsi aliyedai kudhani kwamba gitaa ni bunduki. Malone, ambaye kwa Lovecraft alikuwa na macho ya hadithi nzima, anasubiri hadi nusu ya pili.

Kinachostahili kuangaliwa ni ufundi. LaValle hakupunguza kitisho. Viumbe wa Lovecraft wamo. Alichofanya ni kuondoa pengo lililokuwa likijazwa na umati wa wahamiaji na kulijaza kwa kisa: mtu fulani, baba fulani, risasi fulani. Kwa hiyo anapofika kwenye kile kisichosemeka, msomaji amekwisha kupewa sababu ya kuogopa bila ya kuulizwa anatoka wapi. Hiyo ni tahakiki kwa njia ya bunilizi, na inatoa jibu kwa Wilson na kwa Okorafor kwa pamoja.

Rangi isiyo na kabila

Dai la makala haya linaweza kupimwa. Ikiwa kweli mtindo na maadili vina mzizi mmoja, basi pale ambapo Lovecraft hakumtegemea msomaji aje na hofu yake, lawama zote mbili zinapaswa kupungua. The Colour Out of Space ndiyo kipimo. Hadithi hiyo ilitoka mwaka 1927 katika Amazing Stories. Kimondo kinaanguka katika shamba la Nahum Gardner. Matunda yananenepa lakini yanakuwa machungu. Mifugo inakuwa ya kijivu na kumeguka. Mke anapoteza akili, watoto wanafuata. Chanzo ni rangi, na hata kuiita rangi ni kwa kulinganisha tu.

Hakuna mhamiaji, hakuna msitu wa mbali. Kinachoogopwa kinaoneshwa hatua kwa hatua, kwa lugha ya mkulima anayehesabu hasara. Na hapa ndipo wasomaji waliotengana kila mahali pengine wanapokaribiana: Wilson aliiachia nafasi, Joshi anaiweka miongoni mwa kazi bora za mwandishi, na wasomaji wanaomkataa Lovecraft kwa ubaguzi wake mara nyingi huitaja hii kuwa ndiyo wangeibakiza. Msomaji yeyote aliyewahi kuona kisima kikiharibika au mazao yakinyauka bila ya sababu anajua la kuogopa, na kama hajui, hadithi inamfundisha.

Msomaji wa Kiswahili na suala la upatanisho

Msomaji wa Kiswahili huzijia hadithi hizi na upeo wake. Ngano za mazimwi zimemzoesha zimwi lenye njaa, hila na udhaifu, linaloweza kushindwa na mtoto mwerevu. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla imemzoesha kinyume chake: yanayodhaniwa kuwa ya mzimu yanafumbuliwa na akili ya Bwana Msa. Lovecraft hampi ushindi wa mtoto wala ufumbuzi wa Bwana Msa. Hilo huenda likamkatisha tamaa au likampa kitu kipya. Vyovyote iwavyo, ni suala la upeo, na Jauss anatosha kulieleza.

Suala gumu zaidi linajitokeza mtu akijaribu kuzitafsiri. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kinachomruhusu Lovecraft kumtaja kiumbe kwa kurasa nzima bila ya kuamua kama ni mtu, mnyama au kitu. Kiswahili kinadai upatanisho wa kisarufi katika kila kitenzi. Katika At the Mountains of Madness, msimulizi anaanza kwa kuwaona wakazi wa kale wa Antaktika kuwa vielelezo vya maabara na anaishia kuwatambua kuwa walikuwa watu kwa namna yao. Mfasiri atalazimika kuchagua sentensi ambayo ndani yake ki-/vi- inageuka kuwa a-/wa-, na mageuzi ambayo katika matini chasili yanapita polepole yataonekana waziwazi. Katika hadithi hiyohiyo kuna watumwa, mashogothi, walioumbwa kwa ajili ya kazi na kisha wakaasi. Msimulizi hawapi huruma aliyowapa mabwana zao. Je, wao wapatanishwe kwa ngeli gani? Mfasiri atakayewaacha katika ki-/vi- atakuwa ameunga mkono upande mmoja wa uasi.

Arthur Jermyn inapata pigo la aina nyingine. Ujanja wake ni kuchelewesha ufunuo kwamba aliyekuwa mke alikuwa nyani. Katika Kiswahili mke na nyani wote hupatanishwa kwa a-/wa-. Sarufi haina mpaka wa kuvuka mahali pale ambapo hadithi inataka msomaji aruke kwa mshtuko. Haimaanishi kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hatofautishi mtu na nyani. Inamaanisha kwamba mshtuko itabidi ujengwe kwa maneno, na maneno hayo yakitafutwa itadhihirika kwamba mwandishi hakuyaweka.

Rangi ya shamba la Gardner, kwa upande wake, inapita bila ya kikwazo. Rangi ni i-/zi-: inakula, inakua, inarudi kisimani, na hadi mwisho haigeuki kuwa yeyote.